Mpaka Uliopandwa Jumamosi

Jumapili. Ukungu umeshuka kutoka mlimani mpaka kwenye mahindi, na Hanang yenyewe haionekani, utadhani imeondoka bila kuaga.

Shajara, nimekaa kijiweni juu ya pikipiki yangu. Sina abiria na leo sitaki abiria. Miguuni pangu kuna kigoda cha miguu mitatu, mguu mmoja unacheza kama jino la mtoto. Wenzangu wameshanicheka, "Danieli, siku hizi unasafirisha samani?" Wacheke tu. Hiki kigoda kimeona mengi kuliko pikipiki zao zote, na nitaeleza kimefikaje hapa.

Kwanza habari yenyewe. Jana nilinyamaza.

Mnaonijua mtasema naongopa. Mimi ndiye niliyefukuzwa darasani kidato cha pili kwa kumsahihisha mwalimu, tena kwenye somo nililokuwa sijalisoma. Mimi nikibeba abiria kutoka Gendabi hadi Katesh, anashuka anajua habari za ukoo wangu wote na yeye hajapata nafasi ya kutaja jina lake. Lakini jana, siku ambayo mdomo wangu ulihitajika kuliko siku zote, niliufunga. Na si kwa kupenda.

Kwa wageni wa blogu hii: sisi ni Wayahudi. Ndiyo, wa hapa hapa. Ni Wairaqw wa kutoka Tlawi, tunafuga, tunalima mahindi na maharage, na ni Wayahudi. Babu alienda Arusha akiwa kijana akafanya kazi kwa mzee mmoja Myahudi, fundi saa. Akarudi Tlawi na koti moja, kitabu kimoja cha sala, na tabia ya kutoshika jembe Jumamosi. Bibi anasema watu wa Tlawi walicheka wakachoka. Walisema huyu amekwenda mjini kutafutia uvivu wake dini.

Bibi alimpenda hivyo hivyo. Anasema alikuwa na masikio mazuri.

Baadaye wakashuka huku Gendabi kutafuta shamba, na Babu akajenga nyumba ya zamani kama za kwao, ile iliyochimbwa kwenye mteremko, nyuma imeingia ardhini na juu paa la udongo. Ukiwa mbali unaona kilima kinatoa moshi. Nilizaliwa karibu yake na nilikua ndani yake. Nikifumba macho hapa kijiweni, na petroli yote hii inayonuka, bado naipata harufu ya pale: udongo, maziwa, na makande.

Makande ya Ijumaa, Shajara! Jua likiwa bado juu, Bibi anachanganya mahindi na maharage kwenye chungu, anakifunika, anakizika kwenye majivu ya moto. Jua likizama hakuna mtu wa kugusa moto tena. Chungu kinalala humo. Jumamosi, sala ikiisha, Bibi anakifukua, na makande yametulia, laini, yamekuwa ya rangi ya ng'ombe mwekundu. Nimekula chipsi mayai za Katesh, nimekula pilau ya harusi za watu wakubwa. Hakuna. Na hata Bibi mwenyewe sasa, kwenye jiko lake la bati, hayatoki vile. Anasema ni majivu. Mimi nadhani ni Babu.

Sasa, sala zetu nyingine zinataka wanaume kumi. Wakipungua, kuna maneno hamuyasemi na Taurati hamuisomi. Babu hakuwahi kuwafikisha. Na watu hawahesabiwi kwa kuelekezwa kidole, moja, mbili, kama mbuzi mnadani. Babu alikuwa na mstari wa maneno kumi kutoka kwenye Zaburi. Anatazama kichwa cha kwanza anasema neno la kwanza, kichwa cha pili neno la pili. Anaenda hivyo hivyo. Neno la kumi lilikuwa linabaki mdomoni.

Kwa hiyo alikuwa anaacha mlango wazi. Hata baridi ya mwezi wa saba, ile inayokung'ata magoti, mlango wazi. Huenda mtu akapita. Sisi watoto tunatetemeka, yeye anatazama njia.

Aliyekuwa anapita ni mmoja tu: Mzee Gidamis.

Huyu ni jirani yetu, Mbarabaig, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, ila hayo machache yana pilipili. Alikuwa anaacha ng'ombe wake mteremkoni, anakuja anaketi kwenye kigoda pale mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, shuka mabegani, anasikiliza. Babu akihesabu kwa maneno yake anafika mlangoni, anamtazama Gidamis, neno la kumi liko kwenye ulimi, halafu anafunga mdomo. Wote wawili wanacheka. Kila Jumamosi utani ule ule, na kila Jumamosi wanacheka kama ndiyo mara ya kwanza.

"Ingia basi uwe wetu," Babu anamwambia.

"Nikiwa wenu nani atachunga leo?" anasema Gidamis. "Mungu wako anapenda maziwa lakini hapendi mchungaji."

Babu alikufa neno la kumi likiwa bado halijatoka.

Leo tunafika kumi. Familia mbili zimehamia kutoka Tumati, watoto wamekuwa vijana, na wa kumi, nasema bila kujisifu, ni mimi. Nisipofika watu wazima wanakaa wananingoja, wanakohoa. Nisiseme uongo, raha yake ninaijua.

Lakini nyumba haipo. Masika moja baada ya Babu, paa la udongo lilinyonya maji likaingia ndani. Tukahamia sebuleni kwa Bibi, wanaume tumebanana na magunia ya mahindi, wanawake chumbani, kuku wanapita katikati ya Zaburi. Ile sehemu ya nyumba ya zamani ikabaki shimo na nyasi. Ng'ombe wa Mzee Gidamis wakaanza kukatiza pale kwenda lamboni kunywa maji. Hatukusema kitu. Ng'ombe wakipita mahali miaka kadhaa mkiwatazama, mahali pale panakuwa njia yao, na hiyo hakuna asiyeijua huku.

Ndipo Bibi aliposema anataka sinagogi ijengwe pale pale, kwenye shimo la Babu, akiwa bado anatembea.

Nikashika mimi hiyo kazi. Nani mwingine? Eneo limesajiliwa kilimo na makazi, likitakiwa liwe la ibada lazima matumizi yabadilishwe. Unaanza serikali ya kijiji, unaenda mkutano mkuu, halafu afisa ardhi anatoka halmashauri kuona kwa macho, mipaka ionekane na majirani wakubali. Nilijifunza maneno hayo yote. Kwenye mkutano mkuu nilisimama kama wakili.

Mama mmoja akauliza kama tutafunga spika, maana amechoka na mikesha ya watu. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Sisi Ijumaa jua likizama hata kiberiti hatuwashi. Hiyo spika tutaiwasha na nini?" Watu wakapiga makofi. Mzee mwingine akauliza, "Nyie si Wasabato? Wasabato si wana kanisa tayari?" Nikamweleza mpaka akaomba nipumzike. Mikono ikanyooshwa, tukapita.

Mzee Gidamis hakunyoosha mkono. Alisema kwa sauti ndogo, "Na ng'ombe wangu wapite angani?" Akaondoka.

Ikabaki hiyo tu. Jirani mmoja. Akikataa mbele ya afisa, faili linarudi, na halmashauri walishasema wana mahali pengine pa kutupa: eneo la taasisi, kule barabara kuu, karibu na sekondari. Kiwanja kizuri, tambarare. Kwa pikipiki ni kufumba na kufumbua. Lakini Jumamosi hatupandi pikipiki, tunatembea, na Bibi hawezi kutembea kule. Kutoka kwake hadi shimoni anapumzika njiani, anajidai anaangalia maharage. Sinagogi ikienda barabarani, Bibi atabaki nyumbani kila Sabato anasikiliza kuku.

Ijumaa mchana simu ikalia. Mtendaji wa kijiji.

"Danieli, afisa anakuja kesho."

"Kesho Jumamosi, mama mtendaji! Kesho hatuwezi."

"Gari la halmashauri limepatikana kesho. Likikosekana kesho, sijui tena lini. Kusimama mnaweza?"

"Kusimama tunaweza."

"Basi simameni."

Tatizo halikuwa kusimama. Huku kwetu mpaka haupimwi kwanza, unapandwa kwanza. Unakata vijiti vya minyaa, unachimba, unapanda kwa mkono wako mwenyewe na majirani wakikutazama. Asiyekubali anasema hapo hapo. Kijiti ulichopanda wewe ni mpaka wako. Akipanda mwingine, aliyepanda ndiye aliyesema mpaka uko wapi. Afisa anakuja na kile kidude chake cha kupimia, anafuata minyaa. Na Jumamosi hatuchimbi wala hatupandi.

Nilikimbia nikakata mzigo wa minyaa, utomvu ukaniingia jicho moja, nikautupa pale shimoni jua likiwa linagusa mlima. Nilishapanga. Nitaomba vijana wa kijiweni wapande, mimi nasimamia kama mkandarasi. Nikamweleza Bibi mpango wangu nikitegemea asifiwe mjukuu.

"Hatupandi," akasema, "na hatumtumi mtu apande. Kumwelekeza mtu ni kumtuma. Kumkonyeza ni kumtuma. Babu yako hata moto ukizimika hakumtazama jirani kwa jicho la kuomba."

"Sasa Bibi, tutafanya nini?"

"Tutasimama."

Tukasimama.

Jana asubuhi kulikuwa kweupe, mlima wote wazi, upepo unavuta mashuka. Sisi upande huu na nguo zetu za Sabato, Bibi mbele na fimbo yake. Majirani wengine, mwenyekiti na mtendaji upande ule. Katikati mzigo wa minyaa umelala chini kama mgonjwa. Afisa ardhi, kijana mwenye viatu visafi, akatazama saa.

"Haya, pandeni tuone."

Akatazama huku na huku.

"Hakuna jembe?"

Jembe lilikuwepo, la jirani, limeegemea mti. Hakuna wa kwetu aliyeligusa. Mwenyekiti akamweleza afisa habari ya Sabato yetu, akaieleza nusu nusu. Afisa akashusha pumzi. "Ndugu zangu, mimi sirudi huku kesho. Kule barabarani mipaka imeshapimwa. Pikipiki zipo." Akanigeukia. "Wewe si ndiye bodaboda?"

"Jumamosi mimi ni mtembea kwa miguu, mkuu."

Watu wakacheka. Nilitaka kuendelea, nilikuwa na hotuba nzima. Fimbo ya Bibi ikatua juu ya kidole changu cha mguu, na haikuondoka.

Hapo ndipo Mzee Gidamis akatokea na ng'ombe wake, anatembea polepole kama mwenye nchi. Wote tukamwamkia, akaitikia. Akatutazama sisi, akatazama mzigo wa minyaa, akatazama anga.

"Mbona mmesimama kama mko msibani?" Halafu akacheka peke yake. "Ah. Jumamosi."

Afisa akamuuliza kama anapinga. Akasema hajaona mpaka wa kupinga. Kisha akaja mpaka mbele yangu, karibu kabisa, nikasikia harufu ya maziwa na moshi, ile ile ya mlangoni.

"Wewe mdomo," akasema. "Mkutanoni uliongea mpaka mbuzi wakalala. Leo niombe. Sema tu, babu nisaidie. Neno moja. Mikono yangu haina Sabato."

Shajara, wewe hujui mateso. Neno lilikuwa pale. Lilikuwa limeshavaa viatu. Afisa ameshika mlango wa gari, nyuma yangu Bibi anapumua kwa shida kwa sababu amesimama muda mrefu, na mimi najua kabisa kwamba neno moja tu linamwezesha kuja kusali hapa mpaka mwisho wa maisha yake. Na najua pia kwamba nikilisema, hatakanyaga hapa tena. Fimbo ilikuwa imeacha kunibonyeza. Aliniachia mwenyewe.

Nikafungua mdomo.

"Shikamoo," nikasema.

Kwa mara ya pili! Kama mtu aliyerogwa. Kundi lote likaangua kicheko, hata afisa, hata ng'ombe nahisi.

"Marahaba," akajibu Mzee Gidamis. Hakucheka. Alinitazama kidogo, halafu akamtazama Bibi. "Huyu ni wa yule kweli. Yule naye angekufa kuliko kuniomba."

Akavua shuka, akaliweka juu ya jiwe. Akachukua jembe.

Kijiti cha kwanza alikipanda ndani ya eneo letu. Ndani kabisa, upande wa chini, pale Bibi alipokuwa anaanika mahindi. Cha pili, ndani. Cha tatu, ndani. Ametukata! Ametuchukulia chini yote ng'ombe wake wapitie hapo, na hatuwezi kusema hata sogeza kidogo, maana kusema sogeza ni kumtuma. Nilimtazama Bibi. Alikuwa anatazama mikono ya Gidamis kama mtu anayetazama picha ya zamani.

Halafu mzee akapanda juu ya mteremko. Akaliacha shimo la nyumba ndani, akalizunguka kwa mbali, akavuka ile njia ya ng'ombe, akaingia kwenye malisho yake mwenyewe na kupanda huko. Akaja na minyaa juu mpaka kwenye lile jiwe la shuka, akashuka tena. Njia yote ya kukatiza ikawa imefungwa. Chini katuchukulia, juu katupa, na alichotupa ni kikubwa. Ingawa sehemu ya mahindi bado inaniuma, nisidanganye.

Upande wa kwake akaacha nafasi bila minyaa, pana kiasi cha mtu mmoja na fimbo yake. Afisa akamwambia, "Mzee, hapa umeruka."

"Sijaruka. Huo ni mlango."

Mwenyekiti, mtu wa kuona mbali, akasema, "Mzee Gidamis, umepanda kwa mkono wako. Kesho si utakuja kusema ni pako?"

"Nitakuja, ndiyo," akasema akijifunga shuka. "Nikija nitapita pale."

Afisa akaufuata mpaka na kidude chake, akawauliza majirani mmoja mmoja, wote wakakubali. Akasema faili linaenda kwenye kikao, na kwa jinsi alivyoona haoni cha kulizuia. Gari likaondoka. Bibi akaingia kwenye eneo letu, akasimama pale mlango wa zamani ulipokuwa. Kisha akasema makande yatapoa.

Usiku nilipanga hotuba ya kumshukuru Mzee Gidamis. Ilikuwa kali, ina mwanzo, ina kati, ina machozi mahali pake. Leo asubuhi na mapema nikawasha pikipiki nikaenda. Nimemkuta zizini anakamua, ukungu na mvuke wa ng'ombe umechanganyika, humuoni mpaka umkanyage.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Leo Jumapili. Sema sasa."

Nikatafuta ile hotuba. Haikuwepo. Nilimuona tu akiwa na nywele nyeusi, mguu mmoja ndani mmoja nje, na Babu amefunga mdomo, wanacheka, na mimi mdogo nimejifunika koti la Arusha natetemeka kwa baridi ya ule mlango. Ningependa nitetemeke vile tena, hata mara moja.

"Babu," nikasema, "kigoda cha mlangoni bado kipo. Bibi alikitoa kabla paa halijaanguka."

Akaendelea kukamua. Maziwa yanalia kwenye kibuyu.

"Kile kilikuwa kinacheza," akasema mwishoni. "Miaka yote ile nimekaa juu ya mguu mbovu, babu yako hakuona. Alikuwa anatazama njia."

"Nitakitengeneza."

"Kitengeneze."

Basi, nikakipitia kwa Bibi, na ndiyo maana nimekaa na samani kijiweni. Sinagogi bado ni shimo, nyasi na vijiti vya minyaa ambavyo hatujui vipi vitashika. Matofali hatuna, bati hatuna, kikao hakijakaa. Tulicho nacho ni kigoda kimoja, na mwenye kukikalia anajulikana.

Ukungu ukinyanyuka naenda kutafuta mti mgumu nichonge mguu. Na nitauchonga kimya kimya.

Nitajaribu.